Ustaarabu Ulianza Mtoni, Lakini Mto Upi?

Mwaka huu nimepewa nafasi katika jarida letu, nami sitaki kuitumia kuwasimulia mambo ya mapenzi wala ya mzimu wa bwenini, maana sisi ni shule ya kutwa na bweni lenyewe hatuna. Nataka tuzungumze juu ya swali moja ambalo kila mtu darasani hulijibu bila kufikiri: Je, ustaarabu ulianza wapi?

Jibu tunalijua kama tunavyojua majina yetu. Ulianza mtoni. Kwanza mito ya Tigris na Euphrates kule Mesopotamia, halafu mto Nile kule Misri. Kukawa na maji, udongo wenye rutuba, kilimo, miji, wafalme, kisha maandishi. Ukiyaandika hayo kwenye mtihani, mwalimu anakupa alama zako na unakaa chini. Mimi sibishani na jibu hilo. Lakini sisi ni wanachama wa Kiswahili, na tunajua kwamba neno mto lina maana mbili. Mto ni maji yaendayo, na mto ni ule tunaolazia kichwa usiku. Nikimaliza, nataka wewe msomaji ujiamulie mwenyewe ni mto upi.

Labda utauliza, msichana wa miaka 16 anasumbuliwa na mambo ya kale kwa nini? Ni hivi. Kidato cha tatu ndicho kidato cha kuchagua masomo, na nyumbani kwetu jambo hilo lilikuwa la baraza zima. Mjomba wangu, ambaye husaidia kulipa karo yangu na ninayemheshimu sana, alitaka niache Historia nichukue Biashara. "Msichana wangu," alisema, "mifupa ya watu waliokufa itakulisha? Na tena hiyo historia ni ya watu wengine. Sisi Wameru tulikuwa na nini? Hatukuwa na mfalme, hatukuwa na mji, hatukuwa na kitabu."

Mtoto mwenye adabu hamjibu mjomba wake mbele ya watu, kwa hivyo nilinyamaza. Lakini maneno yale yalinikaa rohoni kama mwiba. Nikaanza kusoma, maktabani na kwa kuazima vitabu kwa walimu, nione kama mjomba amesema kweli. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na hilo la kitabu. Wataalamu huugawa wakati wa binadamu mara mbili. Kuna historia, yaani tangu watu walipoanza kuandika, na kuna wakati wa kabla ya historia, yaani kabla ya maandishi. Maandishi ya kwanza kabisa tunayoyajua yalitoka kwa Wasumeri wa mji wa Uruk, katika nchi ya Iraki ya leo, kama miaka 5,200 iliyopita. Na unajua waliandika nini? Mimi nilidhani ni mashairi au sala. Kumbe ni hesabu! Shayiri kiasi gani imeingia ghalani, kondoo wangapi wametolewa, pombe kiasi gani imegawiwa wafanyakazi. Waliyachora kwenye vibao vya udongo. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu kila jioni nikitoka shuleni napita kibanda cha mfanyabiashara wa miraa, naye ana daftari lake lililokunjika pembe, ameandika ni nani amechukua mabunda mangapi na nani bado hajalipa. Kumbe daftari lile ndilo ndugu wa kitabu cha kwanza cha dunia.

Sasa tuone maandishi hayo yana umri gani tukilinganisha na sisi wenyewe. Wenzangu, sisi ni watu wa kutembea kwa miguu, basi tupime kwa miguu. Tuseme kila hatua moja ni miaka 100. Simama mlangoni pa darasa utembee kurudi nyuma katika wakati. Ukipiga hatua 52 tu, maandishi yamekwisha. Hujatoka hata langoni mwa shule! Endelea mpaka hatua 3,000, karibu kilomita mbili, ndipo unakutana na mifupa ya kale kabisa ya watu wa jamii yetu, ile iliyopatikana Jebel Irhoud nchini Moroko, ya kama miaka 300,000. Na ukitaka kufikia zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, zile za Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana hapa Kenya, lazima upige hatua 33,000, kwa maana zina miaka milioni 3.3. Kutoka hapa Nchiru ungetembea mpaka Meru mjini, na bado hatua zingebaki.

Kwa hivyo mtu akisema kwamba asiye na kitabu hana historia, anazitazama zile hatua 52 na kuzifumbia macho hatua 33,000. Je, hao watu wote walikuwa wamelala? La hasha! Nenda Olorgesailie, njia ya Magadi, utaona mashoka ya mawe yametapakaa ardhini kwa maelfu. Hata hapa kwetu Meru, upande wa Lewa, mashoka ya namna hiyo yamepatikana. Jiwe limechongwa pande zote mbili, likapewa ncha, likatoshea mkononi. Aliyelichonga alifundishwa na mtu, na yeye akamfundisha mwingine. Huo nao ni usomi, ila haukuwa na kengele wala sare.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu najua wengine wenu mmekwisha kukunja uso. Sisi wengi tunatoka katika nyumba za Kanisa, na husemwa ati somo hili linatufundisha kwamba babu zetu walikuwa nyani hawa wanaotuibia mahindi shambani. Hapana. Hakuna mtaalamu anayesema hivyo. Wanachosema ni kwamba sisi na nyani tuna asili moja ya mbali sana, kama matawi ya mti mmoja, na kila tawi likaenda njia yake. Mimi mwenyewe huenda kanisani kila Jumapili na sijaona mfupa wowote ulionizuia kuomba. Basi tuendelee.

Swali la kwanza la mjomba lilikuwa la chakula: mifupa itakulisha? Wacha niwaambie habari za mtu mmoja anayeitwa Kamoya Kimeu. Huyu alikuwa Mkamba, jirani yetu wa upande wa chini. Masomo yake hayakupita shule ya msingi. Karibu na mwaka 1960 alianza kazi kama kibarua wa kuchimba katika kambi za familia ya Leakey. Kibarua, jembe mkononi. Lakini alikuwa na macho. Pale ambapo wengine waliona kokoto, yeye aliona jino. Mwaka 1977 akawa msimamizi wa maeneo ya kale katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Agosti 1984, walikuwa wamepiga kambi karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wengine walipumzika, yeye akatoka kutembea kidogo. Katikati ya kokoto nyeusi aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake karibu sawa na kokoto zenyewe. Walipochimba hapo walipata mifupa 108 ya mvulana mmoja, wa aina inayoitwa Homo erectus, aliyeishi kama miaka milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa hajawa mtu mzima, na urefu wake ulikadiriwa kuwa sentimita 160 hivi. Hayo ni karibu sawa na urefu wa wavulana wengi wa Kidato cha Kwanza, ninyi mnajijua. Dunia nzima ilishangaa, maana kupata mifupa mingi hivyo ya mtu mmoja wa kale ni bahati ya mtende kuota jangwani.

Mwaka 1985 Kimeu alikaribishwa Ikulu ya Marekani, akapewa nishani ya shirika la National Geographic na Rais Ronald Reagan. Mwaka 2021 chuo kikuu cha Case Western Reserve cha huko huko Marekani kilimpa shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki 2022. Mjomba, ukisoma jarida hili, tafadhali ujue kwamba mifupa ilimlisha mtu na watoto wake. Lakini hata kama isingemlisha, alituachia kitu ambacho pesa hazinunui. Alituonyesha kwamba macho ya mtu wa kawaida, mwenye subira, yanaweza kusoma kitabu ambacho hakikuandikwa.

Sasa nifike kwenye mto niliowaahidi.

Katika Kaunti ya Kilifi, ndani kidogo kutoka baharini, kuna pango linaloitwa Panga ya Saidi. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, akiwemo Dkt. Emmanuel Ndiema, pamoja na wenzao wa Ujerumani na nchi nyingine, wamechimba humo kwa miaka mingi. Chini, karibu mita tatu kutoka sakafu ya sasa, walikuta shimo dogo lenye mifupa iliyokuwa laini mno, ukiigusa inageuka unga. Ilibidi wafunike donge zima la udongo kwa plasta na kulisafirisha, kwanza Nairobi, halafu Uhispania, lichunguzwe polepole. Mwaka 2021 walitangaza walichokipata. Lilikuwa kaburi la mtoto wa kama miaka mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ni kaburi la kale kuliko yote ya jamii yetu yanayojulikana katika Afrika. Wakampa jina la Kiswahili: Mtoto.

Sikilizeni jinsi alivyozikwa. Shimo lilichimbwa kwa makusudi. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, kama mtoto aliyelala. Mwili wake ulikuwa umefungwa kwa kitu, labda majani au ngozi. Na kwa jinsi kichwa na shingo vilivyokuwa vimelala, wataalamu waliona kwamba chini ya kichwa palikuwa na kitu cha kukitegemeza, kitu ambacho baadaye kilioza, na kichwa kikashuka mahali pake. Yaani, mtu alimwekea mto.

Wenzangu, niliposoma sentensi hiyo nilifunga kitabu. Mwaka juzi tulimzika mdogo wangu wa mwisho, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka minne. Sitasema mengi juu ya hilo. Ila nakumbuka asubuhi ile mama alivyomrekebisha kichwa, akakunja leso yake vizuri, akaiweka chini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Maiti haisikii ugumu wa ubao, kila mtu anajua. Hata mama wa Panga ya Saidi alijua. Lakini miaka 78,000 iliyopita, wakati hakuna mji, hakuna mfalme, hakuna kitabu popote duniani, mtu fulani kule Kilifi alifanya jambo lile lile alilofanya mama yangu.

Ndiyo maana nasema kwamba ustaarabu ulianza mtoni, lakini si mto Nile.

Najua mwalimu wa Historia atanikosoa. Atasema ustaarabu una vipengele vyake: miji, serikali, kazi za namna mbalimbali, majengo makubwa. Haya, tuvitazame. Kilimo kilipostawi kule Mesopotamia na Misri, watu walivuna zaidi ya mahitaji yao. Chakula kilichozidi kilihitaji ghala, ghala lilihitaji mlinzi, mlinzi alihitaji karani, na karani alihitaji mkubwa. Hivyo ndivyo wafalme walivyopanda juu ya wengine. Kama miaka 4,500 iliyopita, Wamisri walimjengea mfalme wao Khufu piramidi ya Giza, mawe zaidi ya milioni mbili, kwa ajili ya mtu mmoja aliyekufa. Ni kazi ya ajabu, sikatai. Ukiitazama picha yake unaogopa.

Lakini karibu na wakati ule ule, hapa hapa Kenya, watu wengine nao walikuwa wakijenga. Mvua zilikuwa zimepungua katika sehemu hizi za Afrika, Ziwa Turkana likawa linarudi nyuma, na wafugaji wakafika na ng'ombe, kondoo na mbuzi wao. Mahali panapoitwa Lothagam Kaskazini, magharibi mwa ziwa, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wafugaji hao walijenga jukwaa la mawe lenye upana wa kama mita 30, na kusimamisha nguzo za mawe karibu yake. Katikati waliwazika watu wao, angalau 580 kwa makadirio ya wataalamu walioandika ripoti yao 2018. Wanaume, wanawake, wazee, na watoto wachanga. Karibu wote walikuwa na mapambo: shanga za mawe ya rangi, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, pete za meno ya kiboko. Na hapakuwa na kaburi la mkubwa. Hapakuwa na mmoja aliyewekwa juu na wengine chini yake. Walijenga kitu kikubwa, na wakakijenga kwa ajili ya kila mtu.

Basi niwaulize. Piramidi ya mtu mmoja na jukwaa la watu 580, ni lipi lenye ustaarabu zaidi? Mimi nina jibu langu. Wewe nawe tafuta lako.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaona maneno ya mjomba kwa macho mengine. Alisema hatukuwa na mfalme, kana kwamba ni aibu. Kumbe kukosa mfalme ni jambo linalohitaji akili nyingi. Watu wakiwa na mfalme, yeye anasema na yanakwisha. Wasipokuwa naye, lazima waketi, wasikilizane, wapatane. Sisi tulikuwa na baraza la Njuri Ncheke, na makao yake hayako mbali, yako hapa hapa Nchiru, tunapopita kila siku. Wazee waliochaguliwa kwa mwenendo wao walikaa wakaamua ugomvi wa mashamba, wa mifugo, wa damu. Hata serikali ya kikoloni, pamoja na bunduki zake, iliona ni afadhali ishirikiane nao. Mpaka leo watu huenda huko kula viapo vya kesi za mashamba.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Baraza lile ni la wanaume, na msichana kama mimi hana kiti humo. Sisemi hivi kuwakosea wazee heshima. Nasema tu kwamba nilipoona wanawake wa Lothagam wamelazwa na shanga zao sawasawa na wanaume, nilifurahi, nikaona kwamba usawa si jambo lililoletwa juzi na ndege kutoka Ulaya.

Na kuhusu kutokuwa na kitabu, sisi tunacho, ila kinatembea kwa miguu miwili na bakora. Jungu kuu halikosi ukoko. Babu yangu amepita miaka 80. Jioni, stima ikipotea, hutusimulia habari za Mbwaa. Anasema Wameru walikaa huko karibu na maji makubwa, wakitawaliwa na watu waliovaa nguo nyekundu, Nguo Ntune. Wakapewa mitihani isiyowezekana: watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili, wafue mkuki unaofika mbinguni. Wakaona heri wakimbie. Wakaongozwa na kiongozi wao Koomenjwe mpaka majini, na maji yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limekwisha kutoka wakaitwa Njeru, weupe. Na mpaka leo koo zetu hujigawa hivyo.

Zamani nilidhani ni hadithi ya kutulaza tu. Sasa najua kwamba kuna watafiti wanaodhani Mbwaa ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, mahali palipokuwa na mji wa biashara ya ng'ambo tangu karne ya 9. Mmarekani mmoja, Jeffrey Fadiman, aliwahoji wazee wetu wengi na kitabu chake kikatoka 1993. Kama dhana hiyo ni kweli, basi tunapokaa katika chama hiki tukijifunza Kiswahili, hatujifunzi lugha ya wageni. Huenda ni lugha ambayo mababu zetu waliisikia ng'ambo ya maji kabla hawajaona mlima.

Sasa, jambo linaloniuma ni hili. Wazee aliowahoji Fadiman hawapo tena. Babu yangu yupo, lakini majina yanaanza kumtoka. Mwaka jana alikuwa akitaja marika kumi mfululizo bila kusimama, safari hii anafika la saba, anatazama moto, ananyamaza. Mifupa ya Nariokotome ilingoja miaka milioni 1.5, kwa sababu mifupa ina subira. Sauti ya mzee haina. Ikizimika imezimika, na hata Kamoya Kimeu mwenyewe asingeweza kuiokota kwenye kokoto.

Katika lile baraza la nyumbani, wakati wakubwa wote walikuwa wamekwisha kukubaliana na mjomba, babu ndiye aliyesema la mwisho. Alisema, "Mwacheni asome hiyo. Mimi nikienda, ni nani atakayewaeleza ninyi mlitoka wapi?" Hakuna aliyemjibu. Kwa hivyo nilibaki na Historia, na mjomba bado analipa karo, Mungu ambariki. Siku hizi kila Jumamosi, nikimaliza kuteka maji na kufua, huketi na babu na daftari langu. Yeye anasema Kimeru, mimi naandika Kiswahili. Mpaka sasa nimejaza kurasa 34. Haba na haba hujaza kibaba.

Kabla sijamaliza, turudi kwenye neno lenyewe. Ustaarabu, kwa asili yake, ni neno lililotoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ilikuwa kufuata mwenendo wa Waarabu. Watu wa pwani walilitumia kwa sababu zao za wakati ule. Baadaye Mzungu alipokuja, tukaambiwa ustaarabu ni kuwa kama Mzungu. Siku zote kipimo kinatoka kwa jirani! Lakini Kiswahili kina neno jingine, fupi, ambalo halikutoka kwa jirani yeyote: utu. Aliyemwekea Mtoto mto kichwani alikuwa na utu. Waliomzika kila mmoja na shanga zake walikuwa nao. Wazee wanaokaa mchana kutwa wakisikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba, ili watu wasikatane kwa panga, wanao. Miji na maandishi ni mambo mazuri, nami nayapenda, la sivyo nisingekuwa naandika hapa. Lakini hayo ni majani na matunda. Mzizi ni utu.

Basi nina ombi kwa wanachama wenzangu. Tuko shule ya kutwa, na wengi hutuhurumia kwa sababu hiyo, ati hatuna muda wa kusoma usiku kama wa bweni. Lakini sisi tuna bahati wasiyokuwa nayo. Kila jioni tunarudi nyumbani, na nyumbani kuna mzee. Kila mmoja wetu amuulize mzee mmoja, babu au nyanya, jambo moja tu: alipokuwa na umri wetu watu walizikaje, walioaje, walipatanaje. Aliandike kwa Kiswahili kizuri alilete chamani. Na nyanya wasisahauliwe, maana wao hawakuwa na kiti barazani lakini mambo yote waliyaona wakiwa jikoni. Tukifanya hivyo muhula mmoja tu, maktaba yetu itakuwa na kitabu ambacho hakuna chuo kikuu chochote duniani kinacho.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na hawakukosea. Kalamu yangu sasa inaomba kupumzika, na taa nayo inaomba mafuta. Nawatakia mtihani mwema na likizo njema. Usiku wa leo, ukiweka kichwa chako mtoni, mkumbuke Mtoto.